Mwanangu, chomoa plagi kwanza ndo ufungue hiyo mashine

Mwanangu mpendwa,

Nimeiona picha uliyotuma jana usiku. Mashine yako ya kuoshea vyombo imevutwa nje, bamba la chini limefunguliwa, bisibisi iko sakafuni kwenye maji, na pale pembeni kabisa naona waya bado umeingia kwenye soketi na kitaa chake kinawaka. Nimeikuza picha mpaka ikapoteza sura, nikamwita baba yako naye aangalie, kasema ni kweli kinawaka. Kwa hiyo kabla hujasoma mstari mwingine, nenda kachomoe plagi. Usinibonyezee swichi ya mashine ukadhani umemaliza, ile swichi ya mlangoni mara nyingi inazima taa tu na umeme unaendelea kufika mpaka kwenye bodi, ile sakiti ya ndani inayoiongoza mashine. Kama imeungwa ukutani moja kwa moja bila plagi, zima meni swichi na uwaambie wote humo ndani wasiiguse mpaka useme wewe.

Umechomoa? Haya.

Sasa funga na koki ya maji inayoingia kwenye mashine, alafu uiache itulie dakika kadhaa, maana kwenye bodi kuna vitu vinavyotunza umeme hata baada ya plagi kutoka. Ukiwa unasubiri, endelea kusoma.

Umesema maji yamebaki chini na pampu inanguruma bila kutoa kitu. Hapo akili yako imefanya kazi vizuri, umesikiliza mashine kabla ya kuanza kufungua fungua, na hicho ndo kitu mafundi wengi hawafanyi. Pampu ikinguruma maana yake umeme inaupata, ila kuna kitu kimeikaba. Lakini binti yangu, kwa nini ulianzia chini? Kilichokaba pampu mara nyingi kinafikika kwa juu, ndani kabisa ya mashine, pale chini ya trei ya vyombo. Hilo bamba la chini ungeliacha kwanza, huko ndiko kwenye waya na hita, na wewe umepiga magoti kwenye maji.

Anza hivi. Toa trei ya chini, chota maji kwa kikombe na umalizie na sponji. Zungusha lile chujio la katikati, kawaida linalegea ukilizungusha kinyume na saa, linatoka pamoja na wavu wake. Lioshe kwa maji ya moto na brashi laini, usitumie ya waya, itatanua matundu. Najua hulioshi. Ulivyonielezea ile harufu mwezi uliopita nilijua tu, nikanyamaza kwa sababu ulikuwa na mambo mengi. Chujio lioshwe kila wiki au wiki mbili ukiwa unatumia mashine kila siku, ni kazi ndogo sana na ingekuepusha na nusu ya matatizo haya.

Chini ya chujio utaona shimo, na pembeni ya hilo shimo kuna kifuniko kidogo, chengine kinachomolewa kwa mkono na chengine kina skrubu. Ukikitoa utaiona pangaboi ya pampu ya kutolea maji. Vaa glavu nene na umulike na tochi, usiingize kidole kitupu humo, kinachokaba hapo mara nyingi ni kipande cha glasi, na ndani ya maji machafu glasi haionekani. Tumia koleo. Ukishatoa takataka, zungusha ile pangaboi kwa kijiti. Itazunguka kwa kushtukashtuka, kama inashikwa na kuachiwa, usiogope, hiyo ni sumaku ya mota na ndo inavyotakiwa iwe. Ikiwa inazunguka ovyo bila kushika popote, au mapanga yamevunjika, pampu imekufa, nunua nyingine inayofanana namba iliyoandikwa juu yake.

Pampu ikiwa safi na maji bado hayatoki, fuata bomba la kutolea maji kuanzia mashine mpaka kwenye sinki. Angalia halijajikunja nyuma ya mashine uliposukuma kabati, alafu angalia limepandishwa juu na kufungwa karibu na chini ya meza ya sinki kabla ya kushuka kwenye mfereji. Likilala chini moja kwa moja, maji machafu ya sinki yanarudi kwenye vyombo vyako, na wakati mwingine mashine inanyonya yenyewe na kumwaga maji ambayo hata haijamaliza kuyatumia. Maji kidogo masafi yakibaki kwenye lile shimo ni kawaida, yanalowesha mipira isikauke.

Sasa lile jambo lililoninyima usingizi. Kwenye sauti uliyotuma umesema utaiwasha ikiwa wazi hivo hivo chini "nione kama pampu inazunguka". Mama, hapana. Nakuomba. Hapo ndipo watu wanapigwa shoti, wala sio kwenye kufungua, kwenye kujaribu. Sakafu ina maji, wewe uko magotini, bamba limetolewa, na hita ya hiyo mashine inavuta takriban wati 2,000, sio kitu cha kuchezea. Pampu utaijaribu kwa kijiti plagi ikiwa nje. Ukitaka kuiwasha, rudisha bamba, funga skrubu zote, kausha sakafu, kausha mikono, ndo uchomeke. Na wewe una mtoto anayetambaa, anafuata mwanga wowote anaouona. Ukiwa unafanya kazi hiyo mtoto awe chumba kingine na mtu, sio kwamba umemuwekea katuni.

Na huyo rafiki yako aliyekwambia ulibane lile boya la chini na selotepu ili mashine iendelee kufanya kazi, usimsikilize. Lile boya la povu liko kwenye trei ya chini ya mashine kwa sababu moja tu, maji yakivuja yakajaa pale linanyanyuka, linabonyeza swichi, mashine inakataa kuingiza maji na inabaki kupampu tu. Ukilibana maana yake umeinyamazisha mashine isikwambie kwamba inavuja, na inavuja juu ya umeme. Ukikuta trei ina maji, yakaushe na taulo alafu utafute yametokea wapi. Tazama mpira wa mlango kama umepasuka au umeganda mafuta, tazama klipu za mabomba. Tazama na sabuni uliyotumia, maana mdogo wako kaniambia, usimkasirikie, kwamba vidonge vya mashine viliisha ukaweka sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Povu lake linapanda mpaka linatokea mlangoni na kushuka kwenye trei. Huenda hata ndo chanzo chote. Iliyoandikwa ya mashine ndo ya mashine, hakuna mbadala.

Hizo sabuni za mashine zenyewe pia zifungie juu. Ni kali, zikiingia kinywani kwa mtoto zinaunguza koo, na vile vidonge vyenye rangi mtoto anaviona pipi. Jaza sabuni mwisho kabisa ukiwa unafunga mlango. Visu navyo vielekee chini kwenye kikapu, usiache mlango wa mashine wazi umelala, mtoto akijikwaa anaangukia palepale.

Glasi zako ulizolalamikia zimepauka, chukua moja uidondoshee siki kidogo na usugue. Ikisafika ni chokaa ya maji, ikibaki vilevile glasi imeshaliwa na haitarudi. Kama ni chokaa, angalia chumvi. Kwenye mashine nyingi kuna tundu chini lenye mfuniko wa kuzungusha, humo inawekwa chumvi ya mashine, ile ya punje kubwa isiyo na kitu kingine, sio ya mezani, ya mezani ina vitu vya kuizuia isigande na vinaziba. Kazi yake ni kusafisha zile punje za resini zinazoondoa ugumu wa maji. Ukimaliza kujaza endesha mashine hapohapo, chumvi iliyomwagika ikikaa inakula chuma. Na usije ukamimina sabuni kwenye tundu la chumvi, hapo umeua kitu kizima. Kwenye mlango kuna tundu lingine la dawa ya kusuuzia, inafanya maji yateleze kwenye vyombo badala ya kubaki matone matone.

Mikono inayorusha maji nayo itoe, itikise, ukisikia kitu kinacheza ndani kiko kwenye tundu fulani, kitoe kwa kijiti cha meno. Kabla ya kuwasha izungushe kwa kidole uone haigongi sufuria. Usisuuze vyombo mpaka viwe safi kabla ya kuviweka, futa mabaki tu, unapoteza maji bure na mashine zenye kipimo cha uchafu wa maji zinadhani hakuna kazi. Na usiwe na wasiwasi programu ya eko ikichukua masaa matatu au zaidi, inaosha kwa maji yasiyo ya moto sana kwa muda mrefu, ndivyo inavyookoa umeme. Ila mara mojamoja endesha ile ya nyuzi 65 au 70 mafuta yayeyuke. Chokaa kwenye hita iondoe kwa unga wa asidi ya sitriki au dawa iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, mashine ikiwa tupu. Blichi usiweke kabisa, inaharibu chuma na mpira, na ikikutana na siki au hiyo asidi inatoa gesi ya klorini ndani ya nyumba uliyofunga madirisha na mtoto yumo.

Baba yako anasema niache kukuandikia kitabu, umwite fundi. Mimi sisemi hivo. Nimefurahi umeifungua, sijui kama nimekwambia. Huyo Josephine Cochrane wa Marekani aliyepata hataza ya mashine ya kuosha vyombo mwaka 1886 alikuwa mjane mwenye madeni, akaipeleka kwenye maonyesho ya Chicago mwaka 1893, hoteli na migahawa wakanunua. Mwanamke ndo aliyeifanya hiyo kitu ikanunulika, kwa hiyo usikubali fundi akuongelee kama mtoto. Lakini kuna mahali utasimama. Ukiona bodi imeungua, waya umeyeyuka, hita inatoa harufu, au breka inaanguka kila ukiiwasha, hapo acha, mwite mtu wa umeme, na umwambie akague waya wa ethi, ule wa kijani na njano, kama umeungwa kweli kwenye hiyo soketi. Ukigusa mwili wa mashine ukahisi vidole vinawasha, hata kidogo, usiiguse tena, zima meni swichi. Uliwahi kuniambia "inatekenya" ukacheka. Sijaisahau. Ilikuwa ile mashine au friji? Nijibu.

Ukimaliza kuifunga endesha mzunguko mfupi ikiwa tupu, weka karatasi kavu za tishu chini mbele na pembeni, kaa hapohapo mpaka iishe, usiiache ukalala. Tishu zikibaki kavu basi. Usiku huo na usiku mwingine wowote usiwashe ukaenda kulala, na mkisafiri funga koki, uache mlango wake wazi kidogo isivunde.

Huku tuko salama. Mdogo wako kamaliza mitihani, sasa analala mpaka saa nne, na kila nikimwambia atengeneze bawaba za mlango wa stoo anasema dada atakuja kutengeneza. Sasa ona unavyosifiwa. Ule mlango umeshuka unakwaruza sakafu, ukija njoo na zile skrubu ndefu. Shuka zako za bluu ziko kwangu, usizitafute. Bibi anakuulizia, miwani yake imepatikana ilikuwa mfukoni mwa sweta, anataka umpigie kabla ya saa mbili usiku maana akishalala hatumwamshi, na kabla ya kumpigia yeye nipigie mimi uniambie plagi iko nje.

Mama yako