Jino langu lilinyamaza, nikashangilia

MHARIRI,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme habari ya jino. Najua nchi ina mambo makubwa zaidi, lakini aliyewahi kukesha na jino anajua kuwa usiku ule hakuna jambo kubwa kulishinda.

Mimi ni mlinzi wa ghala moja hapa Tanga, mwaka wa 11 sasa. Naingia lindo saa 12 jioni, natoka saa 12 asubuhi, nalala mchana. Wasomaji walishike hilo, maana ndilo lililokuja kunielewesha mambo.

Lilianza Ramadhani. Gego la chini kushoto. Nikifuturu, tende ya kwanza ikigusa upande ule, linanichoma hadi sikioni, kisha linaachia kabla sijameza. Maji ya baridi nayo vivyo hivyo. Nikajiambia nitakwenda kwa daktari mfungo ukiisha, nikahamishia kaimati zangu upande wa kulia, maisha yakaendelea. Wengi wetu tiba yetu ya kwanza ni hiyo, kuhama upande.

Baada ya Idi likaanza kuuma lenyewe, bila tende wala maji. Watu wote husema jino huuma usiku. Langu lilikuwa kinyume. Usiku nikiwa nimekaa kwenye kiti changu getini lilivumilika. Asubuhi nikifika nyumbani, nikilaza tu kichwa kwenye mto, linapwita sawasawa na mapigo ya moyo. Mke wangu akasema hili si jino la kawaida, nimechezewa. Sikubisha sana, maana sikuwa na maelezo mengine.

Dawa nilizopewa bure mitaani zingetosha kufungulia duka. Ugoro nilijaza, nikatapika. Mwenzangu wa lindo akaniletea maji ya betri kwenye kizibo cha soda, eti tone moja tu linaua mshipa. Nilimshukuru, akageuka tu nikayamwaga mchangani. Asidi inayokula chuma itauacha ufizi? Duka la dawa muhimu waliniuzia kapsuli 10 za amoksilini, bila kuniambia nifunue mdomo.

Nilikwenda pia kwa mzee mmoja anayetoa wadudu wa meno. Aliweka mbegu za ndulele kwenye makaa, akanipa bomba la jani la mpapai nivute moshi, nikiwa nimeinamia beseni la maji. Baada ya dakika chache akanionyesha majini: vitu vyeupe vidogo vimejikunja. “Hao hapo, baba.” Mhariri, kazi ya ulinzi inamfundisha mtu kutazama mara mbili. Nilidokoa kimoja nikakiminya kwa kucha. Kilikuwa kiini cha mbegu ya ndulele. Nilimlipa hata hivyo, alikuwa mtu mzima.

Kitu pekee kilichonipa nafuu ya kweli ni kichupa cha mafuta ya karafuu ambacho mama alinitumia kutoka Pemba. Nachovya pamba, naigusisha kwenye tundu, panakufa ganzi kwa muda, nalala kwa saa mbili. Siku moja nikazidisha, ufizi ukababuka.

Kisha Alhamisi moja niliamka saa 10 jioni, jino kimya. Nikaligonga kwa kucha, kimya. Nikanywa maji ya barafu kwa makusudi, kimya. Nikasema alhamdulillah, dawa zimefanya kazi, ingawa sikujua ni ipi. Kosa langu kubwa lilikuwa furaha ile, na ndiyo iliyonifanya niandike barua hii.

Wiki ya tatu nikatoka lindo shavu limevimba, mdomo haufunguki zaidi ya upana wa kidole, na homa juu. Ndipo nikaenda hospitali. Nilipoingia chumba cha meno nilisimama mlangoni: chumba kizima kilinukia nyumbani, msimu wa karafuu zimeanikwa. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, alicheka nilipomwambia. Akasema ni mafuta yaleyale, huchanganywa na unga wa zinki kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo mama hakukosea, ila pamba haikai na tundu linabaki wazi.

Aligonga jino kwa mpini wa chuma, nikaruka. Kisha akanieleza kitu ambacho hakuna aliyenieleza miezi yote ile. Ndani ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, na kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Kidole kikiumia huvimba, kina nafasi. Kiini cha jino hakina pa kuvimbia, kinajibana chenyewe. Ukilala, damu inazidi kuelekea kichwani na ule mbano unaongezeka. “Kwa hiyo baba, jino lako halikujali usiku wala mchana, lilijali mto.” Mke wangu aliposikia hilo alinyamaza, suala la kuchezewa likaishia hapo.

Na ile Alhamisi ya furaha? Siku hiyo kiini kilikuwa kimekufa. Kilichokufa hakiumi. Vijidudu vikabaki ndani vikishuka polepole hadi kwenye ncha ya mzizi, vikaingia mfupani, vikatengeneza usaha. Alinihesabia kwa vidole: ningekwenda wakati tende inachoma na kuachia, angelisafisha na kuliziba, nikarudi kazini. Ningekwenda wakati linapwita, angeweza kutibu mzizi na jino likabaki. Nimekuja limevimba na limebaki gamba, atang'oa. Hata sindano ya ganzi ilishika kwa shida, kwa sababu penye usaha ganzi haifanyi kazi vizuri. Alirudia mara tatu. Zile kapsuli 10 alisema zilikuwa kama kupaka rangi nyumba inayovuja, tena dozi yenyewe nusu.

Nikamuuliza tundu limetoka wapi, mimi si mtu wa peremende. Akaniuliza nalindaje usiku bila kusinzia. Nikamwambia nina chupa ya chai, sukari vijiko vinne, nanywa funda moja moja hadi alfajiri. Akaweka kalamu chini. Kila funda, vijidudu vya mdomoni vinakula ile sukari na kutoa asidi, na asidi inayeyusha jino. Mate huchukua kama nusu saa kutuliza hali, na mimi kabla nusu saa haijaisha nimeshapiga funda jingine. Kwa miaka 11! Afadhali kuinywa yote kwa mara moja. Siku hizi naenda na kahawa chungu.

Aliniambia jambo jingine ambalo nimewaambia walinzi wenzangu wote. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, ukashindwa kumeza mate au pumzi ikawa nzito, usingoje siku ya kliniki ya meno. Nenda hospitali usiku huohuo, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Sasa malalamiko yangu. Zahanati iliyo karibu nasi ina huduma moja tu ya meno, kung'oa, tena siku mbili kwa wiki. Mtu mwenye jino la kuzibwa akifika anaambiwa arudi likiuma zaidi, kauli niliyoisikia kwa masikio yangu. Na wauza dawa wanajua kabisa kwamba kapsuli haizibi tundu, lakini mwenye jino hana nguvu za kubishana. Gazeti lako hutuandikia kuhusu meno kila Machi 20, siku ya afya ya kinywa duniani, kisha basi. Mwaka una siku nyingine 364, na Ramadhani haiangukii Machi kila mara.

Mimi nina pengo, ulimi unalitembelea usiku kucha. Wiki iliyopita gego la upande wa pili lilichoma kidogo kwa maji ya baridi, likaachia. Nikaomba ruhusa ya Jumanne niende kuziba. Msimamizi akaniuliza, “Mzee, linauma?” Nikasema haliumi. “Sasa unaenda kufanya nini?” Ruhusa bado hajanipa. Mhariri, barua hii ikitoka kabla ya Jumanne nitamwachia gazeti mezani.

Mlinzi wa usiku,
Chumbageni, Tanga