Kabla Hujanunua Programu ya Ubora, Hesabu Yaliyorudi

Sisi huwasaidia wenye biashara wa Zanzibar kupunguza kasoro za kazi zao. Siku moja alitujia ofisini mama mmoja mwenye kazi ya udobi. Anazifulia hoteli kadhaa za upande wa Kiwengwa: mashuka, foronya, taulo za pwani. Hata kitako hakukaa. "Mwanangu, mie nataka hiyo programu ya ubora wanayotumia mahoteli. Mizigo inanirudia kila siku, nishachoka kusemwa."

Tukamuuliza, inarudi mingapi? Akatoa simu akatufungulia kikundi cha WhatsApp. Picha za madoa, sauti za dakika mbilimbili, "pole bosi, tunashughulikia," na katikati yake mtu kapeleka dua ya Ijumaa, mwengine tangazo la kiwanja. Malalamiko yote yamo mle na hakuna anayeweza kuyahesabu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama huyu habari alikuwa nazo tele, daftari ndilo hana.

Hakutoka na programu siku ile. Alitoka na karatasi yenye mistari: siku, kitu kilichorudi, hoteli, aina ya kasoro. Wiki mbili, kila kinachorudi kipigwe kijiti.

Ugomvi ulianza asubuhi ya kwanza. Doa ni nini? Mpiga pasi anasema umanjano ule si doa, ndiyo rangi ya taulo lilivyochakaa. Anayepokea mizigo anasema hoteli inalirudisha, kwa hiyo ni doa. Ilichukua nusu siku kukubaliana, na kwa maoni yetu nusu siku ile ilikuwa na faida kuliko programu yoyote tunayoweza kukuuzia. Programu haijui kasoro ni nini. Inaandika unachokiita kasoro, na kama watu wanne wana maana nne, itakupa chati nzuri ya uongo.

Baada ya wiki mbili vijiti vilisema jambo ambalo kikundi cha WhatsApp hakikuwahi kulisema. Mashuka, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakimnyima usingizi, yalikuwa machache. Nyingi zilikuwa taulo za pwani, na doa lao moja: rangi ya kutu. Mafuta mengi ya kujikinga na jua wanayopaka wageni yana kemikali iitwayo avobenzone. Ikikutana na maji yenye chuma, inaacha doa la kutu. Visima vyetu mnavijua, na tangi lake lilikuwa la bati kuukuu. Juu ya hayo alikuwa akizidisha jiki ili ziwe nyeupe, na jiki doa la namna hiyo hulikaza badala ya kulitoa. Sasa taulo za pwani zinatengwa mapema, zinafuliwa bila jiki, na zenye doa zinalowekwa kwenye asidi ya sitriki, ile ile inayolifanya limau liwe kali. Tangi limebadilishwa.

Hapo ndipo tulipozungumza habari ya programu.

Programu za kusimamia miradi ya kuboresha kazi ni nyingi na majina yake yanatisha, lakini ukizichambua zimegawika makundi machache tu. Kuna za ubao, kama Trello: safu tatu au nne kwenye skrini, "limeripotiwa", "linachunguzwa", "linajaribiwa", "limekwisha", na kila tatizo ni kadi inayosogezwa, ina jina la mhusika na tarehe. Asili yake ni kadi za kanban za viwanda vya Toyota, Japani. Kwa biashara ya watu wachache, ubao wa bure unatosha kabisa. Kuna majedwali, Excel au Google Sheets au LibreOffice isiyolipiwa, ya kuhesabia. Excel kuanzia ya 2016 inakuchorea chati ya Pareto yenyewe, ile inayopanga kasoro kuanzia inayotokea sana, ukaona pa kuanzia. Halafu kuna programu za takwimu hasa, kama Minitab, iliyoanzia chuo kikuu cha Pennsylvania State mwaka 1972. Hiyo ni nzuri, ila ukiwa na mashine tatu za kufulia ni sawa na kukodi meli kuvukia kisiwa kidogo cha Chumbe hapo jirani.

Kitu kimoja tunakiweka katika jedwali la kila mteja, hata asipokiomba: chati ya udhibiti. Aliibuni Walter Shewhart wa kampuni za simu za Bell, Marekani, mwaka 1924. Tuseme unafua vipande 2,000 kwa wiki, na kwa kawaida 40 vinarudi, yaani asilimia 2. Wiki hii vimerudi 50. Bosi anafoka, mtu anakatwa posho. Ukipiga hesabu ya Shewhart, kazi yenye wastani huo itayumba yenyewe baina ya 21 na 59 bila ya mtu yeyote kufanya kosa jipya. Kwa hiyo 50 ni kuyumba tu. Vikirudi 60, simama, uliza siku gani, mashine gani, sabuni gani. Na ukitaka hiyo 40 yenyewe ishuke, kufoka hakusaidii, lazima ubadilishe namna kazi inavyofanywa, kama lile tangi.

Watu hutuuliza kuhusu Six Sigma, jina la mbinu ya kupunguza kasoro kazini, kwa sababu mameneja wa hoteli wanalitaja sana. Lilitoka Motorola miaka ya 1980, na shabaha yake ni kasoro 3.4 katika milioni moja. Asilimia 2 yetu ni 20,000 katika milioni. Usivunjike moyo, wala usiandike 3.4 kwenye bango la dukani. Hatua zake tano ndizo zenye manufaa: eleza tatizo, pima, chambua, rekebisha, dhibiti. Ndizo tunazozifanya safu za ubao mteja akiwa na tatizo kubwa la kufuatilia miezi mitatu minne.

Angalizo la Zanzibar. Masika hoteli nyingi hufunga, Agosti hujaa pomoni. Ukilinganisha idadi ya Mei na ya Agosti utadhani wafanyakazi wako wameharibika. Linganisha asilimia. Jengine, umeme na intaneti hukatika, basi jedwali tunaliwezesha kufanya kazi bila mtandao kwenye simu ya anayepokea mizigo, na karatasi ya vijiti hatuiondoi ukutani. Siku mtandao ukipotea, vijiti vinaendelea.

Kazi yetu tunaifanya hivi. Tunakaa kwako siku mbili, tunatazama mzigo unavyoingia na unavyotoka. Wiki mbili mnahesabu wenyewe kwa karatasi. Kisha tunatengeneza ubao na jedwali kwa Kiswahili, kwa maneno mnayotumia nyinyi, na tunamfundisha mtu mmoja kuvitunza, na wa pili wa kushika nafasi yake akienda likizo. Huyo wa pili wengi humsahau. Ada ni ya kazi, hatuuzi leseni ya programu wala hatupati kamisheni kwa anayeuza, ndiyo maana mara nyengine tunakwambia baki na Excel yako.

Hatushughulikii dobi peke yao. Waoka boflo, wafungaji wa viungo, karakana za boti na wakaushaji wa mwani wote wana kitu kinachowarudia. Ukitupigia, usianze na jina la programu. Tuambie ni kitu gani kinarudi, na kama huna idadi, njoo uchukue karatasi, haina malipo.