Kwa vijana wa bodaboda wa Ngamiani, Tanga, kuhusu wazee mnaowakuta wamepotea

Wanangu na wajukuu zangu wa vijiwe vya Ngamiani,

Assalamu alaykum, na kwa wasio Waislamu, salamu zangu ni zile zile. Mimi ni bibi yenu wa miaka 73, nesi mstaafu. Nawaandikia ninyi kwa sababu ninyi ndio mnaotangulia kuona. Mtoto wa mzee hajashtuka na daktari hana habari, lakini ninyi mmeshamwona mzee amesimama njia panda, anatazama huku na huku. Barabara zetu hizi za namba zinafanana, mgeni yeyote hupotea. Lakini aliyezaliwa Barabara ya 9 akipotea Barabara ya 10, lipo jambo, na huenda ni ugonjwa wa ubongo uitwao Alzheimer.

Mwaka juzi, baada ya alasiri, mmoja wenu alimkuta dada yangu mkubwa stesheni ya reli. Alikuwa amejifunga kanga mbili zisizo za doti moja, mguu mmoja una kandambili, wa pili mtupu. Mkononi ana bakuli la rojo la vitumbua, kalifunika kitambaa kibichi kama afanyavyo siku zote. Kijana akamuuliza anakwenda wapi. "Muheza, kwa mama." Mama yetu tulimzika zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Kijana yule akazima pikipiki, akamwamkia, akashika bakuli lile kwa mikono miwili, akamwambia, "Bibi, twende nikusogeze." Alitembea naye kwa miguu, kijiwe hadi kijiwe, mpaka akampata anayemjua. Nauli aliikataa.

Mwingine alikuwa pale pale akimrekodi kwa simu. Video ilifika kwa majirani kabla dada hajafika nyumbani. Simtaji, wala sitaki atafutwe. Nataka tu ajue kwamba alirekodi mgonjwa, sawa na angemrekodi mtu anayekohoa damu.

Simlaumu peke yake. Mimi niliyevaa sare nyeupe miaka 31 nilikuwa nimeshaona dalili, nikazipa jina la uzee. Dada alipika vitumbua tangu mimi sijaolewa. Akaanza kusahau hamira. Siku moja akatia chumvi mahali pa sukari, na mteja aliporudisha, akasema watu wanamhusudu. Mtu akimpa noti ya elfu mbili, anamrudishia noti ile ile na vitumbua juu. "Mmeshakula?" nilimjibu mara sita kati ya magharibi na isha. Jirani akasema amechezewa. Tukaita mganga, na miezi ikatupita. Mzee mwenye afya husahau jina la mteja, kisha likamjia akiwa jikoni. Kazi ya miaka hamsini ikianza kumvurugika mikononi, huo si uzee.

Ugonjwa wenyewe umebeba jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 huko Frankfurt alianza kumfuatilia mwanamke aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa na miaka 51 tu. Auguste alipofariki mwaka 1906, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabonge yameganda katikati ya seli, na nyuzi zimesokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi, na zile nyuzi ni protini iitwayo tau. Huanza kujikusanya miaka 15, hata 20, kabla mtu hajasahau chochote. Hakuna mkono wa mtu hapo. Nalisema kwa uchungu, maana kule Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kosa lao macho mekundu ya moshi wa kuni na maneno yasiyoeleweka.

Wapo wanaoniambia haya ni maradhi ya Wazungu. Hapo Kilimanjaro tu, wilaya ya Hai, mwaka 2009 na 2010 watafiti walipita vijijini wakawapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Katika kila 100, zaidi ya 6 walikuwa na dimensia, yaani akili kupungua mpaka mtu anashindwa shughuli zake. Alzheimer ndiyo sababu kubwa ya hali hiyo. Kilichonigusa zaidi ni kipimo kilichobuniwa huko huko Hai. Vipimo vingi vya nje humtaka mtu aandike na achore, na bibi asiyewahi kushika kalamu atafeli na akili zake timamu. Cha Hai humwomba ataje wanyama kwa dakika moja, amtaje kiongozi wa kijiji, apange njiti za kiberiti kwa kufuata mfano. Kusoma si sharti.

Niliposoma habari hiyo nikampangia dada njiti mezani, nikampa na yeye zake. Akazitazama kwa muda mrefu. Halafu akazikusanya zote, zangu na zake, akazirudisha kwenye kasha moja moja, akaniambia, "Kiberiti ghali siku hizi, tusikichezee." Nikatoka uani. Wiki ile ile tukaenda hospitali.

Na nawasihi, hospitali iwe ya kwanza. Si kila kusahau ni Alzheimer. Tezi ya shingo ikilegea, vitamini B12 ikipungua, huzuni ikizidi, au damu ikivujia chini ya fuvu baada ya mzee kuanguka, mtu huchanganyikiwa vile vile, na hayo yana matibabu. Mzee aliyekuwa mzima jana na leo anaweweseka, msingoje kesho. Huenda ni maambukizi, na hiyo ni dharura. Mpakieni, pitieni dirisha la wazee.

Dawa ya kuponya Alzheimer bado haipo, na anayedai anayo anawauzia uongo. Marekani mwaka 2023 waliidhinisha dawa iitwayo lecanemab, hutiwa kwa dripu, mwanzoni kila wiki mbili. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kwa walio mwanzoni, haiusimamishi, na inaweza kuleta uvimbe au damu ubongoni, kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Nashukuru kwamba wanasayansi wamefika hapo. Kwa dada yangu haijafika.

Ila kuna lililowafikia ninyi. Mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, ikakadiria kwamba yakishughulikiwa yote, karibu 45 katika kila wagonjwa 100 wa dimensia duniani wangeepuka au wangechelewa kuugua. Moja ni kuumia kichwa. Wanangu, kofia ngumu mnaitundika kwenye usukani, mnaivaa mkimwona trafiki! Nimewashona vijana vichwa usiku kucha, wengine wakaamka wakacheka, tukasema wamepona. Ubongo huweka kumbukumbu ya pigo lile. Presha, sukari, sigara na pombe navyo vimo. Presha haiumi, kwa hiyo pimeni. Masikio nayo yamo: asiyesikia hujitenga na mazungumzo, na upweke wenyewe ni moja ya hayo 14. Mkimwona mzee barazani hajibu, ongezeni sauti kidogo, msimruke.

Sasa mkimkuta mtu kama dada yangu. Msimpigie honi mgongoni. Zima pikipiki, njoo mbele yake akuone uso, mwamkie. Shikamoo anaijua bado. Dada amesahau majina ya wanawe wawili, lakini hajawahi kuacha kuitika marahaba. Uliza jambo moja, kisha ngoja, jibu lake linatoka mbali. Akisema anakwenda kwa mama yake, usimwambie mama alikufa. Mimi nilimwambia, mara tatu, na mara zote tatu alilia kama ndiyo kwanza anapata msiba. Siku hizi namuuliza mama anapika nini leo, anaanza kunisimulia, na tukifika mwisho wa hadithi tumeshafika mlangoni. Asipojulikana, mpelekeni kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na mmoja wenu abaki naye mpaka ndugu waje. Simu iwe ya kuwatafuta ndugu.

Dada bado hutoka jioni, nikiwa kwenye swala. Mlango nimeuwekea komeo juu, ameshalijua. Mkimwona na bakuli lake, mwambieni gari la Muheza ni la asubuhi, na kwamba mdogo wake amepakua wali, anamngoja.