Kuhusu ile mia tano ya kila gari

Wadau habari za jioni, naona toka jana mnavutana humu kama kila anayeleta gari yake ya zamani kwa maonyesho yetu alipe kiingilio cha mia tano, wacha niseme yangu. Mwaka jana hatukulipisha mwenye gari hata mmoja, na mliona, nusu ya walioandikisha hawakutokea, tenti na vyoo vya kukodi mimi na mweka hazina tukamalizia na hela zetu za mfukoni. Mtu akishalipa hufika.

Lakini mzee wa Peugeot 504 ameongea ukweli pia: anaosha gari alfajiri, anachoma mafuta kutoka Thika, anashinda juani akifukuza watoto wasimkwaruzie rangi, halafu tena sisi tumdai, na watu wamekuja kuona gari yake si tenti yetu! Na wa Datsun je? Watu hupanga foleni kupiga nayo picha juu dereva Shekhar Mehta alichukua mbio za Safari Rally mara 4 mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982.

Msinilinganishie na Concours ya Ngong Racecourse, lile shindano la magari yaliyotunzwa vizuri, kule majaji wanakagua hadi chini ya gari, sisi tunapaki tunapiga stori (na nyama).

Kwa hivyo naonelea hivi, hiyo mia tano iwe dipoziti, ukifika na gari unarudishiwa getini. Mtazamaji alipe mia mbili, watoto bure. Gari ikigoma asubuhi tuma picha ukiwa kwa fundi, tutaelewana. Nijibuni kabla ya Alhamisi, na pesa tafadhali iende kwa mweka hazina, msinitumie mimi.