Manyoya ya kijani hawayali

Mpendwa Saida,

Salamu nyingi. Umeuliza kwa nini konokono wa tangi lako la maji ya bahari wamekisafisha kioo kikang'aa, ila manyoya ya kijani, yaani mwani mrefu, yaliyoota kwenye mawe hawayagusi. Hawajagoma, basi tu si chakula chao. Konokono aina ya Trochus na Nerita hula utando: tabaka jembamba la diatomu (mwani mdogo usioonekana kwa macho), bakteria na mwani unaoanza kuchipua. Mwani ukisharefuka unawashinda. Turbo, konokono mwingine, akiwa mkubwa hujitahidi kidogo, lakini naye usimtegemee.

Ukimkuta mmoja kwenye kioo, mmulike kwa tochi ukiwa nje ya tangi. Utaona mdomo ukifunguka, radula, yaani utepe wa meno, ikichomoza, ikikandamizwa kwenye kioo na kukwangua, kisha ikirudi ndani na ilichozoa. Kichwa kinayumba kushoto na kulia huku akisonga mbele, ndiyo maana njia anayoiacha imepindapinda na ina michirizi kama ya kitana. Meno ya mbele hulika na kudondoka, mapya husogea kutoka nyuma, hivyo hivyo maisha yake yote. Wale wenye gamba la umbo la kofia, wanaong'ang'ania miamba, ndio kiboko: meno yao yana goetiti, madini ya chuma, na hukwangua mpaka jiwe lenyewe.

Kwa hiyo manyoya yang'oe kwa mkono, mabaki yasugue kwa mswaki, jiwe likiwa nje ya tangi. Hapo ndipo konokono wanafaa, maana machipukizi watayawahi. Kioo cha nyuma usikisugue, kiwe malisho yao. Tangi jipya linalometameta huwaua kwa njaa. Anza na konokono mmoja kwa kila lita 20, uongeze tu utando ukiwazidi.

Konokono wageni usiwatumbukize. Waweke kwenye chombo na maji waliyokuja nayo, dondoshea maji ya tangi matone 2 au 3 kwa sekunde, kama saa nzima, mpaka chumvi ilingane (karibu gramu 35 kwa lita). Miili yao haiwezi kuzuia chumvi ya nje, na ikibadilika ghafla hulegea na kudondoka.

Dawa yenye shaba hapana kabisa, hata kipimo ambacho samaki anakivumilia. Konokono aina ya Astraea akilala chali mgeuze, mwenyewe mara nyingi hawezi. Aliyekufa utamjua kwa harufu. Mtoe upesi kabla amonia, sumu itokayo kwenye mzoga, haijapanda.

Funika tangi pia. Nerita kwao ni mawe ya kupwa na kujaa, hivyo kutoka majini usiku kwake ni kawaida.

Wako,
Zuhura