Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Matembezi ya Wazee kwa Boti na Matatu, Lamu

Assalaamu alaykum wazee wetu, mama zetu na ndugu wanachama wote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na habari za mazishi na kuzuru wagonjwa zimo katika taarifa ya katibu. Yangu ni matembezi. Kwetu usafiri wa umma ni boti kwanza na matatu baadaye, na kupanda boti kwa mtu wa miaka 75 si jambo la kupuuza. Mwaka huu umetufunza mengi, na mengine tumejifunza kwa kukosea, kwa hiyo nayaweka wazi ili kamati ijayo isianze upya.

Lililo kubwa ni hili: siku ya matembezi huchaguliwa na maji. Tukishajua maji yanajaa saa ngapi, ndipo tuulize nani ana kliniki na nani ana harusi. Mwanzoni mwa mwaka tulifanya kinyume. Tulichagua siku iliyowafaa wengi, tukaamua saa 4 asubuhi kwa kuwa chai imeshanyweka, dawa zimemezwa na jua bado halijawa kali, kisha tukafika gatini tukakuta boti iko chini kama kisimani.

Wanaojua bahari hawashangai. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hufika mita 3. Mzee inambidi ashuke ngazi zote, na zile za mwisho ndizo mbaya: zimevaa mwani, zinateleza, na chaza walioganda pembeni hukata mkono wa anayetafuta pa kujishikiza. Siku za maji mafu, tarehe 7 hadi 9 na 21 hadi 23 za mwezi wetu wa Kiislamu, mambo hugeuka. Maji hujaa kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na tofauti yake na kupwa ni kama mita 1 tu. Kwenda ngazi ni chache, kurudi vilevile si nyingi. Safari zote za Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, na za Mokowe, gati ya bara, sasa zaangukia tarehe hizo. Anayepanga akumbuke pia kwamba maji huchelewa kujaa kwa takriban dakika 50 kila siku. Safari ikiahirishwa kwa siku mbili, saa ya kuondoka nayo ibadilishwe.

Takwa ni habari nyingine, na hapa nawaomba wajumbe wa kamati wanisikilize vizuri. Magofu ya mji huo wa kale yako ng'ambo, kisiwa cha Manda, na boti huyafikia kwa kupita mkono wa bahari katikati ya mikoko. Maji yakipwa, pale ni tope. Maji mafu hayatufai kule, kwa sababu hata yakijaa kina ni kidogo kwa boti iliyobeba watu. Bamvua nalo hujaza alasiri, jambo linalotulazimisha kurudi magharibi. Tarehe zinazofaa ni 10 na 11, au 25 na 26, ambapo maji hujaa karibu saa 7 mchana na yana nguvu ya kutosha. Tuingie saa moja kabla ya kujaa, tutoke kabla ya saa moja na nusu kupita baada yake. Muda huo watosha kuuona msikiti wa Ijumaa na kaburi la nguzo, kuomba dua na kula chini ya kivuli. Hautoshi kwa anayetaka kuzunguka ukuta wote wa mji, na msaidizi aseme hivyo mapema kuliko kuwakimbiza watu mwishoni. Tende, maji na mkate wa mofa vitoke Lamu. Kule hakuna duka.

Upepo nao una neno. Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, mlango wa bahari pale Shela huchafuka kuanzia adhuhuri, na boti iliyokwenda shwari asubuhi hurudi ikirusha maji juu ya abiria. Maji yenyewe si hatari, lakini mzee aliyelowa na kupigwa na upepo hushikwa na baridi upesi. Miezi hiyo tuwe tumerudi kabla ya saa 6 mchana, au tusiende. Malelezi, majira ya bahari shwari ya Oktoba na Novemba, ndiyo wakati wetu mzuri kuliko wote.

Sasa kupanda boti kwenyewe. Nataka kila msaidizi alijue hili kama anavyoijua njia ya kwao.

Boti ifungwe kamba mbili, ya omo, yaani mbele, na ya tezi, yaani nyuma. Ikifungwa moja, upande wa pili huvutwa na mkondo, na pengo kati ya boti na ngazi hufunguka wakati mguu mmoja bado uko ngazini. Hapo ndipo watu huanguka. Baharia asimame ndani, msaidizi asimame ngazi moja chini ya mzee. Bakora na vikapu vitangulie. Mzee ashikwe mkono karibu na kiwiko, naye amshike baharia vivyo hivyo, kwa maana kiganja kwa kiganja huteleza kikiwa na maji ya chumvi. Kisha wote wasubiri. Wimbi huinua boti na kuishusha. Mguu hutolewa boti ikiwa juu, pale inapotulia kidogo kabla ya kuanza kushuka. Anayesema "haya" ni baharia peke yake. Watu watatu wakipiga kelele "panda, panda!", mzee husitasita, na mguu hutua ukingoni. Utue katikati ya sakafu, si ukingoni wala juu ya ubao wa kukalia. Akae palepale alipotua, halafu ajisogeze taratibu akiwa amekaa hadi mahali pake.

Pindo la buibui au kanzu hukanyagwa na anayefuata, kwa hiyo linyanyuliwe na kufungwa kiunoni kwa leso. Ndara na makubadhi vikae mkobani hadi ng'ambo; miguuni ni raba au kiatu cha kamba. Jaketi za kuokolea huvaliwa gatini, na zifungwe kamba zote. Kuna wanaolalamika kwamba jaketi humzuia mtu asione miguu yake anaposhuka, na wana haki. Ndiyo maana msaidizi wa chini huhesabu ngazi kwa sauti. Kabla ya safari jaketi zijaribiwe nyumbani kwa katibu, maana zile za kawaida haziwafungi mama zetu wanene, na jaketi isiyofungika ni kama hakuna.

Asiyeweza ngazi bila kupumzika asiachwe nyumbani. Hupanda wa mwisho ili akae karibu na pa kutokea, na hushuka wa kwanza. Asibebwe mgongoni hata siku moja. Akibebwa, ni juu ya kiti cha mbao chenye mikono, vijana wanne, na maji yakiwa yamejaa tu.

Katika boti ya watu 20 tunaweka 12: wazee 9 na wasaidizi 3. Wajukuu wanaokuja kama wasaidizi wajue kwamba simu hukaa mfukoni tangu gatini hadi gatini.

Nauli. Boti ya abiria huondoka ikijaa, na kungoja ijae ni wazee kukaa juani. Tumeona afadhali kulipia viti vinavyobaki na kuondoka kwa saa yetu. Mtu mmoja alipe, bei ya kwenda na kurudi ikubaliwe kabla, na nusu ibaki mkononi hadi turudi. Kuna siku tulilipa zote asubuhi. Nahodha akapata abiria wengine, nasi tukarejea maji yamepwa na ngazi zote za mwani zikiwa nje.

Kwa upande wa barabara, safari za Mokowe kwenda Hindi na Mpeketoni zimekwenda vizuri kuliko tulivyotarajia tangu lami ilipofika. Matatu ni ya watu 14 na sheria zilizoanza kutumika mwaka 2004, zile ambazo bado twaziita za Michuki kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zataka kila kiti kiwe na mkanda. Mikanda ikaguliwe kabla ya nauli kutolewa, si baada. Tulipie viti vyote 14 hata tukiwa 11, ili makanga asiwe na sababu ya kusimama kila kituo. Wenye maumivu ya mgongo wasikae nyuma kabisa. Kiti cha nyuma kiko nyuma ya magurudumu na kila tuta huko huwa mara mbili. Tumenunua kigoda cha mbao cha sentimita 20 kwa ajili ya kupandia, na kimeokoa magoti mengi kuliko dawa ya kuchua. Kitambulisho kiwe mkononi mwa mwenyewe kwa ajili ya vizuizi vya njiani, kisiwe katika mkoba wa mjukuu aliyekaa gari jingine.

Sasa niseme jambo ambalo watu huona haya kulisema. Wengi wanaokataa kuja hawaogopi bahari wala masafa. Wanaogopa kukosa choo. Na wanaokuja huacha kunywa maji tangu usiku ili wasisumbuke, halafu saa 5 kizunguzungu kinawashika juani nasi tunadhani ni presha. Wanaume hupata nafasi misikitini; wanawake mara nyingi hawapati. Kwa hiyo hakuna safari itakayotangazwa kabla katibu hajakubaliana na nyumba mbili ng'ambo, choo kikiwa chini na si ghorofani, na kabla hatujaijua njia ya kutoka gatini hadi hapo ina ngazi ngapi. Wanaotumia dawa ya presha ya kutoa maji mwilini wasiiache kwa sababu ya matembezi. Wamuulize daktari au muuguzi wa kliniki kama wanaweza kuimeza wakirudi. Wenye sukari wale kabla ya kuondoka, na kila mmoja awe na tende tatu na sukari kidogo katika karatasi, mfukoni mwake mwenyewe.

Siku za malipo ya Inua Jamii, fedha za serikali kwa wazee, tusipange kitu. Shilingi 2,000 za mwezi kwa mwenye miaka 70 na zaidi ni mafuta na unga wa nyumba, na hatuwezi kumlazimu mtu achague.

Barua yetu ya kuomba reli ya kujishikia kwenye ngazi za gati na taa katika ngazi za chini haijajibiwa. Tutaipeleka tena, safari hii tukitaja kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010, kinachotambua haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Reli ya bomba la chuma mita chache si ombi kubwa.

Wenzetu mliozaliwa Pate, Siyu na Faza mmeuliza kila kikao lini tutakwenda huko. Najua kuna wenye makaburi ya wazazi kule ambayo hawajayazuru miaka mingi, na jambo hili limenikaa moyoni. Lakini boti za kule hupita Mkanda, mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, ambao maji yakipwa hauna kina, na ukishatoka Mkanda kuna bahari iliyo wazi kwa upepo hadi Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate. Haiwezekani kwenda na kurudi siku moja na wazee. Kamati yapendekeza safari ya siku tatu wakati wa malelezi, watu wasiozidi 10, kulala kwa jamaa, na siku ya katikati iwe ya mapumziko tu. Wenye jamaa walio tayari kupokea wageni wampe katibu majina.

Matembezi ya kwanza ya mwaka mpya ni Shela, tarehe 8 ya mwezi wa Kiislamu utakaofuata mkutano huu, gatini saa 3 na nusu asubuhi. Anayeandikisha jina aandikishe pamoja nalo simu ya mtu wa nyumbani, dawa anazotumia, na kama anaweza kushuka ngazi sita bila kushikwa.