Dawa mpya za saratani huondoa kizuizi, haziongezi kinga

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu tiba mpya za saratani ilieleza vizuri suala la gharama, lakini ilipofika kwenye utendaji wa dawa zenyewe, kama nivolumab na pembrolizumab, ikasema kwamba "huongeza kinga ya mwili". Maneno hayo hayo yamebandikwa kwenye chupa za mitishamba katika soko la Owino na kwenye paki za teksi. Kwa mitishamba tutayaacha yapite. Kwa dawa hizi yanaweza kumponza mgonjwa.

Seli T, zile chembe nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa au zilizogeuka saratani, hazifuati amri moja. Kwenye utando wake mna vipokezi vya kuichochea na vipokezi vya kuizuia, na kila inapogusana na seli nyingine hupima pande zote mbili. Kizuizi kinachotajwa zaidi ni PD-1, ambacho jeni yake ilitangazwa na kundi la Tasuku Honjo wa Kyoto mwaka 1992. Kingine ni CTLA-4, alichokishughulikia James Allison wa Marekani. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli ya tiba mwaka 2018.

Wengi huviita breki. Haya, tukubali, ila breki ya boda boda unaikamata hata injini ikiwa imezimwa, na PD-1 haiko hivyo. Mkia wake ulio ndani ya seli hauna kimeng'enya chochote. Una asidi amino mbili tu zenye kazi, za aina ya tairosini, kila moja ndani ya kipande kifupi cha asidi amino. PD-1 ikishikana na PD-L1, protini iliyo juu ya seli ya pili, hujikusanya pale pale seli T inapochochewa, na Lck, kimeng'enya kile kile kinachowasha uchochezi, ndicho kinachobandika fosfeti, alama ya kikemikali, kwenye tairosini hizo. Yaani kizuizi hukopa nguvu kwa kile kile kinachozuiwa nacho. Fosfeti zikishakaa, SHP-2, kimeng'enya cha kung'oa fosfeti, hupata pa kushika. Kwa kawaida SHP-2 imejikunja, na sehemu yake moja imeziba mahali pake pa kazi. Ikinasa kwenye mkia wa PD-1 hufunguka, ikaanza kung'oa fosfeti kwenye protini za jirani, hasa CD28, kipokezi cha kuchochea, na zile zinazopokea ujumbe wa kipokezi cha seli T. Fosfeti hizo zikitoka, ujumbe haufiki kwenye kiini: seli haigawanyiki na haimwagi sumu zake.

Ndiyo maana kizuizi hiki ni cha mahali pale tu. Maabarani, ukiweka antibodi (protini inayonasa kitu kimoja maalumu) ya kuchochea CD3, sehemu ya kipokezi cha seli T, kwenye shanga moja ndogo sana na PD-L1 kwenye shanga nyingine, utasema PD-1 ni bure. Ziweke pamoja kwenye shanga moja ndipo utauona uzuiaji.

CTLA-4 ina njia nyingine. Inashikana na CD80 na CD86, protini za seli ya pili zinazochochea seli T kupitia CD28, kwa nguvu kuliko CD28 yenyewe, kisha inazinyofoa kwenye seli ya pili na kuzimeza, hata CD28 inakosa cha kushika.

Sasa dawa. Nivolumab na pembrolizumab ni antibodi zinazokaa juu ya PD-1 ili PD-L1 isiifikie. Basi. Kama uvimbe hauna seli T zinazoutambua, kuondoa kizuizi hakuleti kitu, na hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wengi kutopata nafuu. Tena kizuizi kinaondoka mwili mzima, si kwenye uvimbe peke yake. Seli T zilizokuwa zimetulizwa kwenye utumbo, mapafu, ini, kongosho na tezi ya thairoidi zinaweza kuamka na kushambulia mwili wenyewe, wakati mwingine miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Hatari iko hapa. Mgonjwa ametibiwa Nairobi au India, amerudi Mbale, anaanza kuhara mara sita kwa siku. Kliniki ya jirani inampa metronidazoli, halafu dawa ya taifodi, na utumbo unaendelea kuchubuka. Kinyesi kipimwe, ndiyo, maana amiba zipo. Lakini kuhara kwa namna hiyo hutibiwa kwa steroidi, dawa za kutuliza kinga: prednisoloni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, chini ya daktari wa saratani, kisha ipunguzwe polepole kwa wiki 4 hadi 6. Ikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi. Kukohoa na kubanwa pumzi ni dharura, na kiu kali yenye mkojo mwingi ipimwe sukari siku hiyo hiyo. Kumpa mtu huyu "kiongeza kinga" ni kutomsikiliza.

Wanaodhani kinga kali daima ni heri wawaangalie panya waliozaliwa bila PD-1: wakiambukizwa kifua kikuu hufa haraka kuliko panya wa kawaida, kwa kuwa mapafu yao huharibiwa na mashambulizi yao wenyewe. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, mgonjwa apimwe kabla ya dozi ya kwanza.

Kizuizi kikizidi nacho kina madhara yake, na ushahidi mmoja umetoka hospitali ya Mulago, Kampala. Utafiti ulioongozwa na Annettee Nakimuli, uliochapishwa mwaka 2015, uliangalia vipokezi vinavyoitwa KIR vya seli za NK, chembe nyeupe za aina nyingine zinazojaa kwenye ukuta wa mji wa mimba. Baadhi ya KIR huzuia zinaposhika HLA-C, protini ya utambulisho iliyo juu ya seli za mtoto. Mama mwenye KIR za kuzuia zaidi, akibeba mtoto mwenye HLA-C ya kundi la C2, ana hatari kubwa zaidi ya shinikizo la damu linaloelekea kwenye kifafa cha mimba; inaelekea mishipa ya kupeleka damu kwenye kondo haipanuki inavyotakiwa. Utafiti huo ulikuta pia KIR za kuchochea zenye kumkinga mama, katika mpangilio unaopatikana kwa Waafrika na usiopatikana kwa Wazungu.

Tunaomba makala ijayo itaje kipokezi kinachoguswa na dawa, na iwaambie wasomaji waliokwisha kudungwa watembee na karatasi yenye jina la dawa na tarehe ya dozi ya mwisho, waionyeshe kila kliniki kabla ya kupokea kidonge chochote.

Walimu wa elimu ya kinga,
Wandegeya, Kampala